Mradi wa Wavuvi: Tuupime kwa Mizani Gani?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: MRADI na KUTATHMINI. Neno la kwanza mnalijua. La pili ni refu, lakini kazi yake ni ya kila siku. Kutathmini ni kupima jambo ili kujua thamani yake.

Leo nasema hasa na darasa la Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita, pamoja na madarasa mengine ya machimboni. Najua mtauliza: "Sisi ni watu wa dhahabu. Mambo ya wavuvi yanatuhusu nini?" Swali ni zuri. Nitaanza kulijibu kwa neno moja mnalolitumia sana, yaani mwalo. Kwenu Nyarugusu, mwalo ni mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu. Kule Nkome, kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya hiyo hiyo, mwalo ni mahali mitumbwi inapofika na samaki wanaposhushwa. Neno ni moja, kazi ni mbili. Na watu wa mialo hii miwili hutegemeana. Dagaa wanaopikwa machimboni hutoka ziwani, na fedha ya mchimbaji hurudi kwa mama aliyewaanika dagaa hao.

Tena, mradi unaoletwa leo kwa wavuvi waweza kesho kuletwa kwa wachimbaji. Watakuja wageni wenye karatasi, watawauliza: "Je, mradi huu umewafaa?" Mtajibu nini? Na mtajuaje kwamba jibu lenu ni la kweli? Hilo ndilo somo letu.

Mchimbaji hupimaje?

Mchimbaji mwenye akili hanunui mfuko wa mawe kwa sababu mwenye mawe anayasifu. Huchukua kidogo, akayatwanga, akayaosha katika karai, akatazama kilichobaki chini. Anajua kwamba si kila kinachong'aa ni dhahabu. Yako mawe yanayong'aa sana na hayana kitu.

Na mradi nao una mambo yanayong'aa. Mashua mpya inang'aa. Injini inang'aa. Ubao mkubwa wenye jina la mradi, uliosimamishwa njiani, unang'aa. Mkutano wa watu 200 waliopewa chakula na kofia unang'aa. Mtu akiandika katika taarifa, "Tumetoa mashua 10, tumefanya mikutano 24," amesema kweli, lakini hajasema kama mradi umefaa. Ametuonyesha mawe, hajatuonyesha kilicho chini ya karai.

Andikeni basi sentensi hii katika daftari: Mambo yaliyofanywa si sawa na mambo yaliyobadilika. Kutoa mashua ni jambo lililofanywa. Mtoto wa mvuvi kula milo miwili badala ya mmoja ni jambo lililobadilika. Tunapopima mradi wa wavuvi maskini tunatafuta la pili.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya dhahabu na samaki, nayo tusiisahau. Dhahabu haizai. Ukiitoa yote katika duara, imekwisha. Samaki huzaa. Ukivua kwa kiasi, na ukimwachia mchanga akue, utavua mwaka huu na mwaka ujao, na wajukuu wako watavua. Uvuvi wa namna hiyo huitwa uvuvi endelevu. Kwa hiyo mradi mzuri wa uvuvi una mizigo miwili kichwani: samaki wabaki majini, na familia ya mvuvi ipate riziki. Ukiangusha mmoja, na wa pili hautakaa.

Sasa twende pwani, kwa kuwa huko miradi ya namna hii imejaribiwa na kupimwa kwa miaka mingi. Kisha tutarudi ziwani, na mwisho tutarudi kwetu Nyarugusu.

Habari ya Tanga

Katika pwani ya Tanga, kwa miaka mingi, wako watu waliovua kwa baruti. Mvuvi wa baruti huwasha, hutupa, hungoja mlio, kisha huokota samaki waliokufa wakaelea. Wengine wengi huzama wasipatikane. Hasara haikomei hapo. Mlipuko huvunja matumbawe, yaani ile miamba hai ambayo samaki hujifichia, hulia na kuzalia. Matumbawe hukua polepole sana, na mahali palipovunjwa huweza kukaa miaka mingi pasirudi kama palivyokuwa. Mtu mmoja hupata kapu moja la samaki leo, na kijiji kizima hukosa makapu mengi baadaye. Anayeumia kwanza ni mvuvi maskini, mwenye ngalawa na mshipi tu, asiyeweza kwenda mbali kutafuta miamba mingine.

Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi na kuendeleza pwani ya Tanga. Serikali ya Ireland ilitoa msaada wa fedha, na umoja wa dunia wa uhifadhi wa maumbile, unaojulikana kwa herufi IUCN, ulitoa wataalamu. Mpango uligusa wilaya tatu za wakati ule: Tanga, Muheza na Pangani. Jambo jema ni kwamba wanavijiji waliulizwa wenyewe matatizo yao ni yapi. Vijiji vya Kigombe na Kipumbwi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Wavuvi walikubaliana miamba ipi ifungwe ili ipumzike, zana zipi zikataliwe, na doria ifanywe vipi pamoja na vyombo vya serikali.

Matokeo yalionekana. Katika miaka ya mwisho ya 1990 milio ya baruti ilipungua sana katika pwani ile. Mpimaji aliyefika wakati huo angeandika: "Mradi umefanikiwa." Naye asingesema uongo.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Tangu mwaka 2003 hivi, milio ilianza kurudi. Mpango wenyewe ulimalizika mwaka 2007, na baruti haikuwa imemalizika. Mwaka 2015 wataalamu walipita pwani yote ya Tanzania na chombo cha kusikilizia chini ya maji. Waliandika milipuko 318 waliyoithibitisha, na zaidi ya nusu ilikuwa si mbali na Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilikaza mkono, polisi na idara mbalimbali zikafanya kazi pamoja, na milio ikapungua tena kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini baruti ilirudi? Sababu ni nyingi. Doria ya baharini inataka mashua, mafuta na watu, na hivyo vyote vinataka fedha kila mwezi. Kesi zilizofika mahakamani mara nyingi ziliishia kwa adhabu nyepesi. Na baruti ilikuwa rahisi kupatikana.

Ndugu zangu wa Nyarugusu, hapa ndipo habari ya Tanga inapofika mlangoni kwetu. Baruti hiyo haikuchimbwa baharini. Nyingine ilikuwa baruti iliyokusudiwa kwa migodi, kwa machimbo ya mawe na kwa ujenzi wa barabara, ikavuja njiani na kuuzwa kwa siri. Kipande kinachotoka stoo bila kuandikwa katika daftari chaweza kusafiri hadi kwenye mwamba wa mtu asiyemjua mchimbaji wala kumwona maishani. Mlinzi wa stoo anayejua kusoma na kuandika, akiandika kilichoingia na kilichotoka, anamlinda mvuvi wa Kigombe bila kujua.

Tunajifunza nini kwa kupima? Tunajifunza hili: Pima wakati mradi upo, kisha rudi upime mradi ukiisha kuondoka. Mtoto anayesimama kwa kushikwa mkono bado hajajua kusimama. Swali la kumwuliza kila mwenye mradi ni hili: "Nanyi mkiondoka, doria italipwa na nani?" Akikosa jibu, andika katika daftari kwamba hakuwa na jibu.

Habari ya pweza

Sasa twende mbali kidogo, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Madagaska, katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Andavadoaka. Watu wa huko huvua pweza kwenye miamba maji yanapokupwa. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake, kisha hufa. Basi ukimwacha pweza mdogo kwa miezi michache, utamkuta mkubwa.

Mwaka 2004 wanakijiji walikubali kujaribu. Walifunga mwamba mmoja, wakaacha mingine wazi ili watu wasife njaa. Ulipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa. Vijiji vya jirani vilipoona, vikaiga. Kila kijiji kilifunga sehemu ya miamba yake, si yote, kwa muda wa miezi 2 hadi 7.

Je, mradi huu ulifaa? Hapa ndipo nawaomba mtazame sana namna walivyopima. Hawakutosheka na furaha ya siku ya kufungua. Waliandika pweza waliouzwa, kijiji kwa kijiji, miaka mingi. Walichukua vifungo 36 vilivyofanyika kati ya mwaka 2004 na 2011. Katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza waliovuliwa katika sehemu hizo waliongezeka zaidi ya mara 7. Mapato ya kijiji ya uvuvi wa pweza katika siku 30 baada ya kufungua yalikuwa zaidi ya maradufu ya siku 30 kabla ya kufunga.

Lakini mtu mwenye shaka angesema: "Labda mwaka ule pweza walikuwa wengi kila mahali. Labda ni baraka tu, si kazi ya mradi." Ndiyo sababu wapimaji walitazama pia miamba ambayo haikufungwa kabisa. Huko hawakuona ongezeko kama hilo. Basi shaka ikapungua. Andikeni: Linganisha kabla na baada, tena linganisha penye mradi na pasipo na mradi. Ukifanya la kwanza bila la pili, waweza kuisifu mvua ukadhani unaisifu mbolea.

Tena walikuwa wakweli. Walipopiga hesabu ya faida na kutoa kile ambacho watu walikosa wakati mwamba umefungwa, vifungo 27 kati ya 36 vilileta faida. Toeni hesabu: 36 kuondoa 27, jibu ni ngapi? Ni 9. Vifungo 9 havikuleta faida, na jambo hilo liliandikwa wazi pamoja na mazuri yote. Taarifa isiyo na kosa hata moja ndani yake haistahili kuaminiwa upesi.

Desturi hiyo ya kufunga na kufungua imefika pia kwetu Tanzania. Imejaribiwa Kisiwa Panza huko Pemba, na Songosongo katika Wilaya ya Kilwa. Na huku kwetu linazuka swali jingine. Katika pwani yetu, wanawake huvua pweza kwa miguu, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi. Huchokoa matundu kwa kijiti chenye ncha. Wanaume wengi huvua kwa kuzamia, na huweza kufika mahali penye maji marefu. Siku mwamba unapofunguliwa, nani atapata zaidi? Mwenye miwani ya kuzamia na mashua, au mjane mwenye kijiti na kapu? Na miezi ile mwamba ulipofungwa, nani aliyekosa kitoweo?

Hesabu ya familia tano

Ili mlione jambo hili vizuri, mwalimu achore ubaoni nyumba tano. Huu ni mfano tu wa darasani. Tuseme mradi umeingia katika kitongoji chenye familia tano za wavuvi. Mwisho wa mwezi, familia nne zimepata faida ya shilingi 2,000 kila moja. Familia ya tano, ya mwenye mashua kubwa, imepata faida ya shilingi 92,000. Jumlisheni. Nne mara 2,000 ni 8,000. Ongeza 92,000. Jumla ni 100,000. Gawanya kwa tano. Kila familia imepata 20,000.

Mwandishi wa taarifa ataandika: "Kwa wastani, kila familia imepata shilingi 20,000." Hesabu yake ni sawa kabisa. Lakini nenda kabishe hodi nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, uwaulize ziko wapi 20,000 zao. Watakushangaa. Mradi ulisemwa ni wa maskini, na aliyefaidi ni yule ambaye hakuwa maskini.

Basi andikeni: Usiulize tu faida ni kiasi gani. Uliza imefika nyumba ipi. Mpimaji mwema huanza na nyumba ya mwisho kijijini, ile isiyo na mtu katika kamati.

Turudi ziwani

Sasa turudi Ziwa Victoria. Tangu miaka ya mwisho ya 1990, kwenye mialo mingi ya Tanzania viliundwa vikundi vya wavuvi vya kulinda na kusimamia rasilimali za uvuvi, ambavyo watu huviita Bi-Em-Yu. Vikundi hivi hushirikiana na afisa wa uvuvi, ambaye wazee wetu walimwita Bwana Samaki. Moja ya kazi zao ni kuandika samaki wanaoshushwa. Mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima anaweza kabisa kufanya kazi hiyo, lakini ajihadhari na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni wa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti, na wavuvi wengi hupumzika. Ukipima kabla ya mradi wakati wa mbalamwezi, ukapima tena baada ya mradi wakati wa giza, utasema mradi umeleta dagaa, kumbe ni giza lililoleta. Pima giza kwa giza. Na pwani, pima bamvua kwa bamvua.

Mtego wa pili ni wa jumla. Tuseme mwaka wa kwanza mitumbwi 10 ilileta kilo 100 kwa siku. Mwaka wa tatu mitumbwi 30 inaleta kilo 150. Anayetazama jumla atapiga makofi: kutoka 100 hadi 150! Lakini gawanyeni. Mwanzoni kila mtumbwi ulipata kilo 10. Sasa kila mtumbwi unapata kilo 5. Wavuvi wamekuwa maskini zaidi, na ziwa linavuliwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo andika samaki, andika na idadi ya mitumbwi, na ukubwa wa samaki pia. Sangara wakipungua ukubwa mwaka hadi mwaka, ni dalili kwamba tunawavua kabla hawajazaa.

Mtego wa tatu ni wa mtu anayesahauliwa. Katika mwalo, macho yote huwa kwa mvuvi na mwenye mtumbwi. Tumtazame mama muuza dagaa. Tuseme mradi umemletea kichanja cha kuanikia dagaa, ili asiwaanike tena mchangani. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, hukauka vizuri, na mvua ikinyesha huharibika kidogo kuliko wale wa chini. Hayo ni mema. Lakini mpimaji amwulize mama yule maneno manne. Je, dagaa wake wanauzwa kwa bei bora, au bei ni ile ile? Je, analipa kodi ya kichanja, na kwa nani? Fedha iliyozidi iko mikononi mwa nani jioni? Na nyavu za kichanja zikichakaa, atanunua kwa fedha gani? Akiyajibu haya, mmepata dhahabu chini ya karai. Asipoulizwa, taarifa itasema, "Vichanja 40 vimejengwa," basi.

Jibu la kweli

Ndugu wanafunzi, nimeacha jambo gumu kuliko yote mwisho. Ni jambo la hofu.

Mgeni anapokuja na kalamu, mwenyeji hufikiri moyoni: "Nikisema mradi una kasoro, watakasirika na kuondoka, na kile kidogo tulichopata kitakwisha." Basi hujibu, "Mradi ni mzuri sana, tunashukuru." Mama wa kichanja husema hivyo. Mvuvi wa mshipi husema hivyo. Mwenyekiti wa kamati husema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Mgeni huandika, hushukuru, huenda zake. Mwaka ujao kosa lile lile hupelekwa kijiji kingine, kwa fedha nyingi zaidi, kwa sababu karatasi zinasema kosa hilo ni fanaka. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa yetu ya uongo ndiyo inayotia maji tembo la mwenzetu.

Kusema kweli si kukosa adabu. Shukuru kwa lililo jema, kisha taja lililopungua, kwa hesabu na kwa utulivu. Tazama tofauti ya majibu haya mawili. La kwanza: "Mradi haufai, mnatudharau." Mgeni atalisikia kama ugomvi. La pili: "Tunashukuru kwa vichanja. Vilikuwa 40. Leo 15 vimevunjika, na hatujui nani wa kuvitengeneza. Hapa pana daftari letu, siku kwa siku." Jibu hilo hakuna anayeweza kulipuuza kwa urahisi. Mtu maskini asiye na daftari huambiwa amesahau. Mtu maskini mwenye daftari husikilizwa.

Na hapa ndipo ninyi mlioanza kwa kuandika a, e, i, o, u mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Nyarugusu si pwani, lakini hapo kwenu pia miradi huja: ya maji, ya shule, ya kuwafundisha wachimbaji kuchenjua dhahabu bila kuumizwa na zebaki. Kila mmoja upimeni kwa maswali matano tuliyoyapata leo. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi mnakili:

1. Ni nini kilichobadilika, mbali na vitu vilivyoletwa?
2. Hali ilikuwaje kabla, na ikoje sasa, tukipima wakati unaofanana?
3. Mahali pasipo na mradi hali ikoje?
4. Faida imefika nyumba ipi, na nani aliyebeba hasara?
5. Mradi ukiondoka, nani ataendelea, na kwa fedha gani?

Anzeni mapema. Siku mradi unapotangazwa, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujashushwa, kaeni darasani muandike hali ilivyo leo. Ndoo ya maji inafuatwa kwa muda gani? Mchimbaji anapata nini kwa wiki? Watoto wangapi wako shuleni? Ukikosa kuandika kabla, huwezi kulinganisha baada. Mizani yenye sahani moja haipimi kitu.

Somo la leo limefika mwisho. Mwalimu wa darasa, zima redio, wagawe wanafunzi katika vikundi vidogo, nanyi mjadili maswali yafuatayo. Akina mama wasiachwe nyuma katika kusema. Nawatakia kazi njema. Kwaherini.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mradi mmoja uliokuja kijijini kwenu ulileta vitu gani? Ulibadilisha mambo gani? Andikeni katika safu mbili.
2. Kwa nini mpimaji aliyefika Tanga katika miaka ya mwisho ya 1990 angekuwa na jibu tofauti na mpimaji wa mwaka 2015?
3. Mitumbwi 12 ilileta kilo 96. Baadaye mitumbwi 20 ilileta kilo 120. Je, hali ya kila mvuvi imekuwa bora au mbaya zaidi? Onyesheni hesabu.
4. Baruti inaingiaje na inatokaje katika machimbo mnayoyajua? Nani anaandika?
5. Katika darasa lenu, nani yuko tayari kutunza daftari la kijiji? Chagueni watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume.

Maneno magumu

Kutathmini: kupima jambo ili kujua thamani yake.
Endelevu: kinachoweza kuendelea miaka mingi bila kwisha.
Wastani: jumla iliyogawanywa sawa kwa idadi ya watu au vitu.
Bamvua: siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu.
Doria: kuzungukia mahali kwa ajili ya ulinzi.